Mzigo Unauma Wapi

Juzi kijana mmoja wa jirani, nisiyemtaja jina kwa sababu mama yake bado ananiletea mlenda, aliondoka kwenda kuandikwa jeshini. Kwenda jeshini si kosa, mimi mwenyewe nilikwenda. Lakini yeye aliondoka asubuhi bila kumwambia mtu, akaacha koti la kazi limening'inia msumarini pale stesheni, na taa hazijatiwa mafuta. Msimamizi wake alikuja mpaka kwangu kuniuliza kama nimemwona. Alikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira alikuwa hajui aanzie wapi, maana kijana yule ndiye peke yake aliyejua taa ipi inavuja na ipi haiwaki mpaka uitikise.

Basi nimekaa nikaona niwaandikie ninyi mnaopita hapa kwangu Nkuhungu mkinitupia shikamoo na kutokomea kabla sijamaliza marahaba. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyoacha kazi mara moja maishani mwangu, wakati wa Mdachi, na jinsi nilivyokaribia kuiacha vibaya.

Mimi ni mtu wa waya. Ukiondoa miaka niliyovaa kofia ya askari, maisha yangu yote nimetembea chini ya waya wa simu, kwanza kwa Mdachi, kisha kwa Mwingereza. Simu ya siku zile haikuwa ya kusemea kama hizi mnazoziona mezani kwa wakubwa. Ilikuwa ya kugonga. Mdachi mmoja anagonga Mpwapwa, mwenzake anaandika Tabora, na kati yao kuna waya uliopita juu ya nchi yetu yote ya Ugogo, porini na mbugani. Waya huo ulikuwa na walinzi wake, kila mmoja na kipande chake. Changu kilianzia kwenye mbuga ya Bahi kikaelekea magharibi mwendo wa siku moja na nusu.

Mwanzoni nilikuwa mjinga kabisa. Ukiweka sikio kwenye nguzo ya simu unasikia inavuma, mmmm, mmmm. Ni upepo tu unaopiga waya. Mimi nikadhani ni maneno ya Wadachi yanapita. Nikawa nasimama na sikio langu pale nikijaribu kuyafahamu, na siku moja nikaamini kwamba nimesikia wanasema habari ya ng'ombe. Nikaenda mbio kwa mjomba wangu nikamwambia Wadachi wanakuja kuchukua mifugo. Mjomba akaswaga ng'ombe zake zote porini, akakaa nazo siku tatu na mvua ikimnyeshea, na fisi wakamla ndama mmoja. Mpaka anakufa mjomba yule alikuwa akiniona anainamisha sikio kwenye kitu chochote kilicho karibu, hata chungu, na kuniuliza Wadachi wanasemaje leo.

Aliyenitoa ujinga alikuwa Mzee Lugendo, mnyapara wetu, Mnyamwezi. Kwa lugha ya kwao Lugendo maana yake ni safari, na kweli alizaliwa njiani, mama yake akiwa katika msafara. Kabla ya kazi ya waya alikuwa mpagazi, amebeba pembe na marobota ya nguo kutoka Tabora mpaka pwani mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Begani alikuwa na sugu kubwa kama kiazi. Alikuwa mtu wa maneno machache na ugoro mwingi, na ukikosea alikuwa hakugombezi, anakutazama tu mpaka unajigombeza mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba nguzo lazima ichomwe moto mwisho wake wa chini kabla ya kuchimbiwa, mpaka iwe nyeusi, la sivyo mchwa wataimaliza kabla ya masika ya pili. Alinifundisha kuunga waya: unasugua ncha zote mbili kwa mchanga mpaka zing'ae, unazisokota zikabane, na usiunge shaba na chuma, maana chuma kitashika kutu na sauti itafifia. Alinionya juu ya twiga pia. Simba hawezi kuufanya waya kitu, ila twiga akipita na shingo yake anaweza kukata mazungumzo ya wakubwa wawili na wala asijue.

Nguzo zetu hatukuzihesabu. Tulizipa majina. Kulikuwa na Kichuguu, kulikuwa na Mlevi aliyeinama upande, kulikuwa na Bi Harusi mwenye vikombe vipya vyeupe vya kushikia waya, na kulikuwa na Twiga. Huyo Twiga ndiye nitakayemrudia.

Sasa niwaambie kwa nini nilitaka uaskari. Si kwa ajili ya kofia, ingawa kofia niliipenda. Wakati ule reli ilikuwa inakuja na watu wa akida walikuwa wanapita vijijini kukamata wanaume wa kuchimba tuta. Binamu yangu aliyekaa kwetu alikamatwa, akafanya kazi wiki mbili, akatoroka. Walipomkosa wakaja nyumbani wakamchukua baba yangu badala yake, mtu mzima mwenye mgongo mbovu. Nyumba ya askari ilikuwa haiguswi. Hilo kila mtu alilijua. Niliona nikiwa askari baba yangu atapumzika. Baadaye niliyaona mambo ambayo askari waliyafanya kwenye nyumba za wengine, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu, na sikuyasahau. Lakini siku ile nilimfikiria baba tu.

Na kwa sababu ya yale ya binamu, nisingeweza kuondoka kimyakimya. Nikitoroka waya, watamrudia baba. Ilibidi niage, na Mdachi wa simu aliyekuwa bomani, mwembamba kama nguzo zake, tuliyemwita Bwana Waya, anipe cheti cha kuniachilia. Bila cheti hicho wa jeshi wasingenipokea.

Nikaenda kwa Mzee Lugendo kwanza. Nilimsalimu, nikamweleza yote, habari ya baba na habari ya jeshi, nikajisifu kidogo kwamba nina miguu ya kutembea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanusa ugoro wake taratibu.

"Umeniambia unakokwenda," akasema. "Sasa niambie unachokiacha."

Ndipo akanieleza desturi ya wapagazi. Katika msafara mtu akiugua au akifika kwao, hautupi mzigo wake chini na kujiendea. Anautua, anauinua tena kwa mikono yake mwenyewe, anamtwika mwenzake. Na yule anayetwikwa anauliza swali moja tu: unauma wapi? Maana kila mzigo unauma mahali pake. Mmoja unachoma bega kwa kona, mwingine umeegemea kushoto, mwingine kamba yake imelika na itakatika mtoni. Aliyeubeba ndiye anayejua, naye ni lazima aseme. Mpagazi aliyeficha mahali mzigo unapouma hakuna msafara uliompokea tena, hata kama hakuiba kitu. Lugendo alisema nitatembea kipande changu chote pamoja naye na mtu atakayeshika nafasi yangu, na kwenye kila nguzo nitaulizwa.

Mtu aliyeletwa alikuwa Issa, Mrangi kutoka milima ya Kondoa, mwenye mke na watoto wawili. Alikuwa mpole, mwenye ndevu chache na kanzu aliyoikunja kiunoni akipita kwenye tope. Hakujua kuandika herufi zetu, lakini alikuwa amesoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, utotoni, na kila alichotaka kukishika alikiimba kwa sauti ya chuo. Tulipomwamkia mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, alijibu kwa ulimi wa Kirangi mpaka tukacheka sote, yeye akiwa wa kwanza.

Tukaanza. Lugendo akisimama chini ya nguzo anauliza, "Unauma wapi?" nami najibu, na Issa anaimba. Kichuguu, mchwa, mchimbue kila mwezi. Mlevi, udongo ni laini, usimpande peke yako. Bi Harusi, kikombe kimoja kina ufa upande wa jua. Nilikuwa najisikia vizuri. Niliona aibu ndogondogo zinanitoka, kama ile nguzo niliyokuwa sijaikagua tangu kiangazi kwa sababu ya nyuki. Issa akaiimba hiyo nayo: nyuki, uje na moshi.

Tukafika kwa Twiga. Lugendo akauliza. Nami nikajibu, "Hauumi."

Hapo nilisema uongo, wanangu. Mwaka mmoja kabla ya siku hiyo twiga alikuwa amekata waya pale. Alikata kweli, nyayo zake zilikuwapo. Lakini twiga havai bangili. Mimi nilikuwa na mchumba kule Bahi, ambaye ndiye bibi yenu, na wasichana wenzake wote walikuwa na nyaya zilizozungushwa mkononi mpaka karibu na kiwiko, zinang'aa wakicheza ngoma, naye alikuwa na ushanga tu. Nikakata pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ya shaba ya Mdachi, nikampelekea. Pale palipopungua nikaunga kipande cha waya wa chuma uliokuwa umefunga robota la nguo. Nikamwambia Mzee Lugendo kwamba twiga ameburuta kipande na kupotea nacho, naye akaenda akamwambia hivyo Bwana Waya kwa kinywa chake. Mwizi wa waya adhabu yake ilikuwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kisha mnyororo. Na aliyevaa mnyororo havai tena kofia ya askari.

Kwa hiyo nikasema hauumi. Tukaendelea. Nguzo zilizofuata nilizijibu harakaharaka, na jua lilipokuwa utosini tukakaa kivulini kula viporo vya ugali wa uwele. Issa hakula kwanza. Alifumba macho akaanza kupitia somo lake tangu mwanzo, kichwa kikienda mbele na nyuma: Kichuguu, mchwa. Mlevi, udongo laini. Bi Harusi, kikombe kina ufa. Twiga, hauumi.

Alivyosema lile la Twiga ndivyo lilivyonichoma. Alilisema kwa imani, kwa sauti ileile anayosomea maneno ya Mungu. Nikaona masika yanakuja, chuma kinaoza, Bwana Waya anasikia sauti inafifia, na Issa anaitwa bomani kujieleza. Naye angeapa kwa dini yake kwamba Twiga hauumi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Nikaweka tonge chini. Akarudia mara ya pili. Alipofika pale pale nikamshika mkono.

"Issa, hapo usiimbe hivyo," nikamwambia. "Hapo unauma."

Nikawaambia yote. Issa aliangalia vidole vya miguu yake. Mzee Lugendo alifungua kibuyu chake cha ugoro, akakifunga bila kunusa, na hilo lilinitisha kuliko kama angenipiga.

"Twiga wako nimemsemea mimi," akasema. "Nimesimama mbele ya Mdachi nikamwonyesha kwa mkono urefu wa shingo yake."

Nilikuwa nimefikiri dhambi ile ni yangu na mgongo ni wangu. Kumbe nilikuwa nimembebesha mzee wa watu mzigo ule mwaka mzima bila yeye kujua, na sasa nilitaka kumtwika na Issa. Nililia. Nawaambia wazi kwa sababu najua mnadhani wanaume wa zamani hatukulia.

Lugendo aliuliza kitu kimoja tu, waya uko wapi. Nikamwambia. Akasema niende nikaulete, wao watanisubiri.

Nilitembea mpaka Bahi nikimuomba Mungu mchumba wangu awe ameenda mbali kuteka maji. Nilimkuta anatwanga. Nilipomaliza kumweleza aliegemeza mchi ukutani, akaanza kuuzungusha ule waya kuutoa mkononi, mzunguko mmoja mmoja, polepole, maana ulikuwa umembana. Ngozi ya chini ilikuwa imebaki nyeupe kidogo. Hakunifokea. Aliuliza swali moja tu: "Uliomba, au ulichukua?" Nilipojibu kwamba nilichukua, akanipa waya na kurudi kwenye kinu chake. Nilirudi porini nikijua nimepoteza kazi, jeshi na mke kwa siku moja.

Siku ya pili nilimpanda Twiga mwenyewe. Nilitoa chuma, nikasugua ile shaba ya bangili kwa mchanga mpaka ikang'aa, nikasokota. Issa alikuwa chini ameshika ngazi akitazama kila nilichofanya. Niliposhuka akasema kwamba sasa atabadilisha wimbo wake, na akaubadilisha: Twiga, uliuma, umeungwa, utazame baada ya mvua.

Tulikwenda bomani wote watatu. Mzee Lugendo alimwambia Bwana Waya kwamba pale kwa Twiga uungaji wa mwanzo ulikuwa mbaya, na aliyeuharibu ndiye aliyeutengeneza. Bwana Waya akauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Habari ya mkono wa bibi yenu hatukuitaja, na sijutii, maana hiyo ingemvuta mtu asiye na kosa. Bwana Waya akasema cheti changu nitakipata baada ya masika, mvua ikishaonyesha kama kazi yangu ni nzuri. Mpaka hapo nimfuate Issa na kubeba ngazi. Vilevile nilipigwa viboko kumi kwa kazi mbovu. Lugendo alisimama karibu mpaka vikaisha, kisha akaniambia nivae shati.

Wenzangu wa kijijini waliotaka uaskari waliandikwa mwaka ule, mimi nikabaki nyuma nikitembea kwenye tope la Bahi na ngazi begani. Lakini wale wa akida hawakumrudia baba, kwa kuwa sikuwa nimetoroka. Masika yalipita na sauti haikufifia. Siku nilipopewa cheti, Mzee Lugendo hakutoa hotuba. Alisema nimtwike mwenzangu. Niliinua bunda la waya pamoja na koleo na shoka, nikamwekea Issa begani kwa mikono yangu. Naye akauliza, kama ilivyo desturi, unauma wapi. Nikamwonyesha pale karibu na shingo, mahali ambapo bunda linasugua mtu akipanda mlima, nikamwambia atie kitambaa. Ndipo nilipoondoka. Baba aliniombea kwa namna yake ya jadi, akanipulizia maji. Na bibi yenu, ambaye hakuwa amenisemesha kwa miezi mingi, alinisindikiza mpaka ng'ambo ya korongo. Nilipopewa likizo ya kwanza tulioana.

Ya jeshini sitaki kuyasimulia. Nitasema moja tu. Vita vilipokuja na Waingereza wakawa wanasogea, kombania yetu ilirudi nyuma kupitia Bahi, na tukapewa amri ya kukata waya na kuubeba ili adui asiutumie. Walinichagua mimi kwa kuwa nilijua kupanda. Nilimkuta Issa kwenye kipande chake, ndevu zimeongezeka, koleo mkononi. Nikamweleza tulichotumwa, macho yangu chini.

Hakubishana. Alikwenda mbele yetu mpaka nguzo ya kwanza, akaanza kuimba kwa sauti yake ya chuo. Kichuguu, mchwa, nimemchimbua juzi. Mlevi, usimpande peke yako. Bi Harusi, kikombe nimekibadilisha. Alitukabidhi waya ule nguzo kwa nguzo kana kwamba tumekuja kuulinda, na askari wenzangu waliokuwa wakicheka mwanzoni wakanyamaza. Tulipofika kwa Twiga akasimama.

"Tangu siku ile," akaniambia, "hapa haujauma hata masika moja."

Nilipanda nikakata. Uungaji wangu ulikuwa umeshikamana bado. Nilipokuwa juu pale nililifahamu jambo ambalo nimetumia kurasa hizi zote kutaka mlifahamu: kazi niliyoiaga vizuri ilikuwa bado yangu, hata wakati nilipotumwa kuivunja. Yule kijana wa stesheni, akirudi, atapita mbali na zile taa.

Nilishuka nikasimama mbele ya shaushi wetu, mkubwa wa kundi letu, nikapiga saluti, nikamwomba kile kipande kifupi cha pima moja. Akaniuliza cha nini. Nikamwambia ni cha mke wangu. Alicheka, akasema nichukue, maana mzigo wenyewe ulikuwa mzito na njia ndefu.

Jioni ile nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja kuaga. Bibi yenu alikuwa anapika. Nilimwekea ule waya magotini, naye akautambua mara moja, kwa sababu ulikuwa bado na mkunjo wa mkono wake. Aliutazama kwa muda mrefu kabla hajanitazama mimi.

"Safari hii uliomba?" akauliza.

Nikamwambia niliomba, nikapewa.

Akanyoosha mkono.